Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, na nimeambiwa nimechelewa kumfundisha kusoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi mitano, na ninaishi Morogoro. Ninafanya kazi katika duka la dawa. Huondoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, na mtoto hubaki na dada wa kazi pamoja na mama mkwe wangu, ambaye amekuwa nasi tangu nilipojifungua. Mume wangu yuko Dodoma kikazi na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Miezi michache iliyopita, katika kundi la WhatsApp la akina mama ambamo nimo, dada mmoja alitangaza kwamba anauza seti ya kumfundisha mtoto mchanga kusoma. Seti hiyo ina kadi zenye maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, pamoja na video za kupakua kwenye simu, na bei yake ni shilingi 150,000. Alitueleza kwamba ubongo wa mtoto una dirisha ambalo hufungwa anapofika miaka mitatu, na kwamba mzazi anayesubiri mpaka mtoto aende shule anakuwa amekwisha kumpotezea bahati yake. Niliogopa, nikalipa kwa mafungu mawili. Ratiba aliyonipa nimeibandika kwenye friji: kadi asubuhi kabla sijaondoka, kadi mchana, video nusu saa baada ya uji na nusu saa nyingine baada ya kuoga, kisha kadi tena jioni. Dada wa kazi anaifuata kadiri awezavyo.

Kusema kweli, mtoto hapendi. Kadi huzitafuna au huzitupia chini ya kochi, na nikimrudisha kukaa hulia na kukakamaza mgongo. Video huzitazama kimya, na dada wa kazi anasema huo ndio wakati pekee anaopata kufua. Maneno anayotamka mpaka sasa ni mama, baba, maji, na "nyau" akimaanisha paka. Hajatamka hata neno moja la kwenye kadi.

Kinachoniumiza zaidi ni mtoto wa jirani yangu. Ana miaka miwili na miezi minne, wazazi wake walinunua seti hiyo hiyo mapema, na mama yake hutuma video katika kundi akimwonyesha kadi na mtoto akitaja neno bila kukosea. Muuzaji sasa ananishauri ninunue hatua ya pili kwa shilingi 220,000, akisema kwamba wangu anasuasua kwa kuwa nilichelewa kuanza. Mume wangu anamuunga mkono, maana anataka mtoto akifika miaka mitatu aingie shule moja ya mchepuo wa Kiingereza ambayo huwasaili watoto kabla ya kuwapokea, na amesikia kwamba wanaulizwa herufi. Mama mkwe, kwa upande wake, anapinga jambo lote. Yeye alijifunza kusoma akiwa tayari ameolewa, katika madarasa ya kisomo ya miaka ya sabini, na anasema kwamba mtoto ambaye bado hajajua kuomba maji vizuri hawezi kufundishwa kusoma. Mchana kutwa humbeba mgongoni akimsimulia habari za kuku na za majirani, na mimi nilikuwa nikiona kwamba anampotezea muda.

Naomba unisaidie, Shangazi. Je, ni kweli kwamba dirisha hilo hufungwa? Mtoto wa jirani anawezaje kusoma ikiwa jambo hili halifai? Ninunue hatua ya pili au niache? Na nikiacha, nifanye nini ili mwanangu asije akabaki nyuma ya wenzake?

Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile linalohusu fedha, kwa kuwa ndilo lenye haraka: hatua ya pili usiinunue. Sababu nitazieleza kwa urefu kidogo, maana muuzaji atakurudia na punguzo la bei, na mume wako naye atataka kujua ni kwa nini umeghairi.

Biashara hii si ngeni duniani. Mwaka 1964 Glenn Doman, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Philadelphia nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichowaelekeza wazazi kuwaonyesha watoto wadogo kadi zenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, kwa haraka haraka, mara kadhaa kwa siku. Ratiba iliyo kwenye friji yako ni mjukuu wa kitabu hicho. Baadaye zikaja kanda za video, kisha diski, na programu iliyovuma kuliko zote iliitwa Your Baby Can Read, ambayo iliuzwa kwa takriban dola 200 na kudai kwamba mtoto wa miezi 9 anaweza kuanza kufundishwa kusoma. Mwezi Agosti 2012 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni iliyokuwa ikiiuza kwa kutoa madai ya uongo katika matangazo yake, na mwaka 2014 mwasisi wa programu hiyo, Robert Titzer, alikubali katika suluhu na tume hiyo kwamba hatalitumia tena jina hilo wala kutoa madai ya aina hiyo bila ushahidi wa kisayansi.

Mwaka huo huo wa 2014, Susan Neuman na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha utafiti uliohusisha watoto 117 wenye umri wa miezi 9 hadi 18. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likatumia diski, kadi na vitabu vya programu ya namna hiyo kwa miezi saba, na kundi jingine halikutumia. Katika vipimo 14 walivyopimwa, tofauti ilionekana katika kimoja tu, nacho kilihusu imani ya wazazi: wale waliotumia seti waliamini kwamba watoto wao wanajifunza maneno mapya. Watoto wenyewe walikuwa sawasawa na wenzao. Ndiyo maana simwiti muuzaji wako tapeli. Inawezekana kabisa kwamba anaamini kwa moyo wake wote kile anachokiuza, na kwamba amekiona kikifanya kazi kwa mwanawe, kama jirani yako anavyokiona kwa wake.

Sasa tumtazame huyo mtoto wa jirani, kwa sababu ndiye anayekunyima usingizi. Hadanganyi, na mama yake hadanganyi: mtoto anaiona kadi na kulitaja neno lililomo. Swali ni kile anachokitazama. Chukua maneno mawili ya Kiswahili, mama na dada. Mtoto wa miaka miwili aliyeonyeshwa kadi hizo siku baada ya siku atazitofautisha bila taabu, kwa kuwa moja ina vilima vilima na nyingine ina vijiti vilivyosimama wima, au kwa kuwa moja ina kona iliyotafunwa. Sasa twaa mkasi, ukate kila kadi katikati, upate ma, ma, da na da, kisha uzipange upya ziwe dama na mada. Anayesoma atatamka dama, hata kama hajawahi kuuona mchezo wa dama maishani mwake. Asiyesoma atasema mama, au dada, au atakutazama usoni akingoja umsaidie. Kusoma ni kule kujua kwamba alama hii ni ya sauti hii, na kuziunganisha sauti hizo mpaka zikatoa neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kukuonyesha. Kukumbuka maumbo ni uwezo ambao watoto wengi wa umri huo wanao. Hata wako, baada ya mwaka mmoja, ataitambua chupa ya soda anayoipenda kwa chapa yake akiwa upande wa pili wa barabara, na hakuna atakayemrekodi. (Tafadhali usiende na mkasi kwa jirani. Ujirani mwema una thamani kuliko ushahidi huo.)

Ni kweli kwamba wapo watoto wachache wanaosoma hasa, kwa maana niliyoieleza, kabla ya kufika shuleni. Dolores Durkin, mtafiti wa Marekani aliyechapisha matokeo yake mwaka 1966, aliwafuatilia watoto waliofika darasa la kwanza wakiwa tayari wanasoma, na kile alichokikuta nyumbani mwao ni watu waliowasomea vitabu, waliowajibu maswali yao, na waliowaachia karatasi na penseli wachorechore. Watoto wenyewe ndio waliokuwa wakiuliza: hapa pameandikwa nini? Mtoto akianza kuuliza hivyo akiwa na miaka mitatu, mjibu. Asipouliza, hana upungufu wowote.

Kuhusu dirisha linalofungwa, shahidi unaye nyumbani kwako. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata wakulima, wavuvi na akina mama wenye watoto mgongoni waliingia katika madarasa ya kisomo kwa maelfu, mama mkwe wako akiwa mmoja wao, wakatoka wakisoma magazeti na barua. Kama dirisha la kusoma lingefungwa katika umri wa miaka mitatu, kampeni ile isingemfundisha hata mtu mmoja.

Hata hivyo, madai ya muuzaji yameazima chembe ya ukweli, na ni vizuri uijue ilipo. Kinachojengwa kwa kasi katika miaka ya mwanzo ni lugha ya kusikia na kusema. Mtoto mchanga wa miezi sita anaweza kutofautisha sauti za lugha nyingi ambazo hajawahi kuzisikia, lakini anapokaribia kutimiza mwaka sikio lake huwa limekwisha kuegemea sauti za lugha ya nyumbani. Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2003, ambapo watoto wa Kimarekani wa miezi 9 walichezewa na kusomewa vitabu kwa Kichina cha Mandarin katika vipindi 12. Waliokaa na mtu aliye hai mbele yao walijifunza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Watoto wengine walioonyeshwa watu wale wale, wakisema maneno yale yale, lakini katika video, hawakujifunza chochote.

Sasa yatafakari tena mazungumzo ya mama mkwe wako kuhusu kuku. Mtoto aliye mgongoni kwake anasikia sentensi nzima nzima, zenye mwanzo na mwisho, kuhusu kitu anachokiona kwa macho yake wakati huo huo: kuku ametaga, kuku ameingia jikoni, fukuza kuku. Anapoguna, bibi humjibu, na anaponyoosha kidole, bibi hukitaja kile kilichoonyeshwa. Hayo ndiyo masomo ambayo watafiti wa Seattle waliwalipa watu kuyatoa. Ninakuomba umwombe radhi, hata kama ni kimoyomoyo, na umwache aendelee.

Video uziondoe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na kwamba kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wako anakalishwa saa nzima kila siku. Simlaumu dada wa kazi, kwa kuwa nguo lazima zifuliwe, na ukimnyang'anya simu bila kumpa njia nyingine, ataitafuta simu yake mwenyewe. Mwambie amkalishe mtoto karibu naye, mbali na beseni la maji, akiwa na sufuria tupu na mwiko, na azungumze naye huku akifua: hii shati ya baba, hii soksi, nyingine iko wapi? Mweleze pia kwamba mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi unayomlipa, na kwamba huhesabu kuwa anapiga soga.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Ili mtoto aje kusoma vizuri anahitaji maneno mengi kichwani, sikio linaloweza kulivunja neno vipande vipande, na mazoea ya kuona maandishi yakitumika na watu anaowapenda. Yote matatu unaweza kumpa kwa muda ulio nao, yaani hiyo saa moja au mbili kati ya kurudi kwako kazini na usingizi wake.

Tafuta vitabu vichache vya Kiswahili vya picha. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili, na vipo pia vya wachapishaji wa hapa nchini ambavyo bei yake haifiki hata robo ya seti uliyonunua. Mwanao atakitafuna kitabu, atakishika juu chini, na ataruka kurasa tano ili kumfikia mbuzi anayempenda. Usimrekebishe. Mpakate, mwache afungue anapotaka, na utaje kile anachokigusa. Kisha nyamaza kidogo umngoje. Wazazi wengi hushindwa hapo, kwa sababu tunasoma hadithi kama watu wanaowahi basi, tufike mwisho tufunge kitabu, wakati ambapo mtoto huhitaji sekunde kadhaa kutafuta neno lake. Akisema "nyau", mwambie: naam, paka, paka amelala. Umemjibu, umempa neno la watu wazima, na umemwongezea sentensi, bila kumwambia kwamba amekosea. Dakika kumi za namna hiyo zinatosha, na akishuka mapajani mwako baada ya dakika tatu, basi kwa siku hiyo ni hizo tatu.

Akifika miaka mitatu hivi, michezo ya maneno itaanza kumkolea. Hapo ndipo vitendawili vyetu vinapofanya kazi ambayo hakuna kadi inayoiweza, maana mtoto anayesubiri jibu la "nyumba yangu haina mlango" anajifunza kwamba maneno yanaweza kugeuzwa na kuchunguzwa. Mpigie makofi jina lake, kofi moja kwa kila silabi, kisha jina la bibi, kisha jina la kila kitu kilichopo mezani: sa-ha-ni, ki-ji-ko, m-ka-te. Mtoto anayeweza kupiga makofi matatu kwenye mkate bila kukosa amepiga hatua kubwa kuliko yule wa kwenye video, ijapokuwa hajaona herufi hata moja. Jaribu naye pia maneno ya kutatanisha ulimi, yale ya wale watoto wa liwali wanaokula wali wa liwali. Atakosea, utakosea, mtacheka, na sikio lake litakuwa likinolewa pasipo yeye kujua.

Na kwa kuwa unafanya kazi katika duka la dawa, una kitu ambacho akina mama wengi hawana kwa urahisi: maboksi matupu. Mletee masanduku ya karatasi, makubwa na masafi ambayo hayajabeba dawa zilizo wazi, muwe mnacheza duka. Andika orodha ya bidhaa akiwa anakuangalia, useme kwa sauti kile unachokiandika, kisha muifuate orodha hiyo. Mtoto anayeona kwamba mikwaruzo ile ya kalamu ndiyo inayomkumbusha mama kuleta sukari ameelewa kuandika ni kwa ajili ya nini, nalo ni jambo ambalo kuna wanafunzi wa darasa la kwanza wanaolikariri alfabeti nzima bila kulielewa.

Herufi zenyewe zitafika kwa wakati wake, kuanzia miaka minne au mitano, na kwa Kiswahili hazitakuchosha. Lugha yetu ina irabu tano, na kila moja husomwa vivyo hivyo popote inapokaa. Mtoto akishaijua ba, be, bi, bo, bu na kuelewa mtindo wake, silabi nyingine hufuata kwa haraka, zikibaki zile zinazohitaji subira kama ng'o, nya, dha na gha. Uandishi wa Kiingereza hauko hivyo. Watafiti waliolinganisha lugha mbalimbali za Ulaya, wakachapisha matokeo mwaka 2003, waliwakuta watoto wa Ufini, ambao uandishi wao hufuata sauti kama wetu, wakisoma maneno ya kawaida karibu bila kosa mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza shuleni, ilhali watoto wa Uskoti wanaosoma Kiingereza walipatia takriban theluthi moja. Nao watoto wa Ufini huanza darasa la kwanza mwaka wanaotimiza miaka saba. Huko New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake waliwalinganisha watoto waliofundishwa kusoma kuanzia miaka mitano na wale walioanza kuanzia saba, wakaona kwamba walipofika umri wa miaka 11 hivi hakukuwa tena na tofauti katika ufasaha wa kusoma.

Ndiyo sababu nasema kuhusu Kiingereza cha kwenye kadi: Kiingereza atakijua, na wala sipingi ndoto ya mume wako. Lakini mtoto anayeonyeshwa maandishi ya neno ambalo hajawahi kulisikia likisemwa na mtu yeyote nyumbani hana mahali pa kuliweka. Kama baba yake anakizungumza Kiingereza vizuri, azungumze naye kwa lugha hiyo anapokuja mwisho wa mwezi na kwenye simu za video, ambazo ni tofauti na video za seti kwa kuwa baba huona na kujibu. Kama hakizungumzi vizuri, amsimulie kwa lugha anayoiweza. Mtoto akishaelewa katika Kiswahili kwamba herufi hubeba sauti, hatahitaji kulielewa jambo hilo mara ya pili atakapofika katika Kiingereza.

Juu ya usaili, mume wako aende shuleni mwenyewe aulize ni nini hasa kinachotazamwa, badala ya kutegemea ya kusikia. Mwalimu wa chekechea anayeijua kazi yake hutaka kuona kama mtoto anaweza kutaja jina lake, kuomba kwenda chooni, kukaa na wenzake na kusikiliza hadithi fupi. Ikiwa shule hiyo kweli humkataa mtoto wa miaka mitatu kwa sababu hajui herufi, basi imekuonyesha mapema jinsi inavyowaelewa watoto, na ada mnayoiweka akiba ipelekeni kwingine. Kwa mujibu wa sera ya elimu ya nchi yetu mtoto hupitia elimu ya awali kwanza, kisha darasa la kwanza na la pili ndiyo yenye jukumu la kumfundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hakuna mahali ambapo mwanao anatarajiwa kufika akiwa anasoma.

Kadi ulizokwisha kununua usizitupe, maana fedha imetoka. Geuza upande mweupe, mchoree kuku, paka, sufuria na bibi, hata kama uchoraji wako ni wa kubahatisha, umwachie azitafune.

Limebaki moja, nalo ni la hospitali. Maneno manne katika umri wa miezi 17, huku mtoto akielewa anachoambiwa na akinyoosha kidole kuonyesha anachotaka, hayanitii hofu. Lakini kama hageuki anapoitwa jina, kama hanyooshi kidole kabisa, kama ameacha maneno aliyokuwa akiyasema, au kama akifika miaka miwili atakuwa bado haunganishi hata maneno mawili kama "maji yangu", mpeleke kliniki ya watoto na uombe apimwe kusikia kwanza. Fanya hivyo hivyo endapo siku moja utamwona anatamka kila maandishi anayoyaona huku hazungumzi na watu, kwani wapo watoto wachache wanaotambua maneno mapema mno ambao wanahitaji msaada wa mtaalamu katika mawasiliano, na huchelewa kuupata kwa sababu watu wazima wamekaa kuwashangilia.